Mashimo ya Ngoro na Daftari la Mahudhurio

Nyasi zilizofyekwa mwishoni mwa Februari zimekauka, na jana Jumamosi nilikuwa kwenye mteremko wetu tangu saa kumi na mbili asubuhi nikichimba ngoro, yale mashimo ya mraba tunayolimia huku milimani. Nilichimba 18 kabla mgongo haujakataa kunyooka. Leo, baada ya misa, nimekaa mezani na rundo la madaftari ya Hisabati ya darasa la nne, na kiganja cha mkono wa kulia kina malengelenge mawili yanayonifanya nishike kalamu nyekundu kwa ncha za vidole kama mtoto anayejifunza kuumba herufi. Nimeyaweka madaftari kando kwa muda ili niandike jambo lililokaa moyoni mwangu kwa miaka mingi: kwamba kazi ya mwanamke aliye mwalimu asubuhi na mkulima jioni huandikwa nusu tu. Nusu ya shuleni ina daftari la mahudhurio, ina andalio la somo na saini ya mwalimu mkuu. Nusu ya shambani haina daftari lolote, na mazao yake kwa muda mrefu yalipimwa kwenye mizani kwa jina lisilo langu.

Mimi si mzaliwa wa milima hii ya Umatengo, nchi ya Wamatengo. Nimezaliwa Masasi, kwenye nchi ya mikorosho na ardhi iliyolala, na nilifika wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, Julai 2004 nikiwa na barua ya kupangiwa kituo, sanduku la bati na godoro lililofungwa kwa kamba ya katani. Zilikuwa zama za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002. Ada ilikuwa imefutwa katika shule za msingi, watoto wamefurika madarasani, na Serikali ilihitaji walimu haraka kiasi kwamba sisi tulisoma mwaka mmoja chuoni na mwaka wa pili tukaumalizia shuleni kwa mazoezi. Lami kutoka Songea haikuwepo bado. Nilisafiri nyuma ya lori lililobeba mifuko ya mbolea, na lilipoanza kupanda mlima nikaiona kwa mara ya kwanza miteremko ambayo imetobolewa mashimo ya mraba tangu bondeni hadi kileleni, yamepangana kama vyumba vya sega la nyuki, na sikujua kama yale ni mashamba au makaburi. Nilimwuliza mama aliyekaa karibu nami juu ya mifuko, naye akanijibu kwa upole kwamba ile ni ngoro, na kwamba nikikaa nitaijua.

Julai milimani ni baridi ambayo mtu wa Masasi hajawahi kuiota. Watoto walikuja shuleni wakiwa wamejifunga khanga za mama zao shingoni, miguu peku juu ya umande, na wengi wa darasa la kwanza walikuwa hawajui Kiswahili zaidi ya salamu. Mimi nami Kimatengo nilikuwa sikijui hata neno. Kwa hiyo muhula ule tulifundishana. Nilinyanyua punje ya mahindi, wakaniambia jina lake kwao, nami nikawaambia jina lake kwa Kiswahili, kisha tukaliandika ubaoni. Mpaka leo, darasa la kwanza linapoanza Januari, huwa nawaambia walimu vijana wanaopangiwa kwetu kwamba mtoto asiyejibu hajawa mjinga. Anasubiri neno limfikie.

Niliolewa mwaka 2006 na kijana mkulima wa ng'ambo ya bonde. Nikahama nyumba ya mwalimu na kuingia kwenye ntambo ya ukoo wao, yaani mgongo wa mlima ulio kati ya vijito viwili, ambao kwa desturi ya Wamatengo huwa ni makazi na mashamba ya ukoo mmoja: juu msitu kidogo, katikati nyumba na mibuni, chini ya hapo ngoro, na bondeni bustani za mboga kandokando ya maji. Kutoka nyumbani hadi shuleni ni dakika 40 za kushuka na kupanda. Nimeipita njia ile mara nyingi sana kiasi kwamba najua jiwe lipi huteleza mvua ikinyesha.

Machi ya mwaka uliofuata, mama mkwe wangu alinikabidhi jembe lenye mpini mfupi, akanitazama mikono, akasema, "Mwalimu, leo wewe ndiye darasa la kwanza." Hakusema kwa dhihaka. Alikuwa na maana kwamba atanifundisha tangu mwanzo, na alinifundisha kweli, hatua kwa hatua, kwa subira ambayo nimejaribu kuiiga darasani tangu siku ile.

Ngoro huanza na nyasi. Mwishoni mwa mvua kubwa wanaume hufyeka shamba lililopumzika, nyasi huachwa zikauke, kisha hukusanywa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, mingine ikifuata mteremko na mingine ikiukata, hadi shamba lote linakuwa miraba yenye upande wa mita moja na nusu hivi au zaidi kidogo. Hapo ndipo mwanamke huingia. Anasimama katikati ya mraba, anachimba udongo wa katikati na kuutupa juu ya nyasi pande zote nne, hadi nyasi zinafunikwa na kuwa matuta na katikati linabaki shimo. Anamwaga mbegu za maharage juu ya matuta, kisha anachimba tena udongo kidogo wa chini na kuzifunika. Maharage huvunwa katikati ya mwaka. Mvua za mwisho wa mwaka zikianza, mahindi hupandwa juu ya matuta yaleyale, ambayo sasa yana rutuba ya zile nyasi zilizooza ndani yake, na magugu ya palizi hutupwa shimoni yaoze nayo. Mahindi yakishavunwa shamba hupumzika kidogo, na mzunguko unapoanza upya, shimo jipya huchimbwa pale matuta ya zamani yalipokutana, ili kila kipande cha ardhi kipate zamu yake ya kuwa tuta na zamu yake ya kuwa shimo.

Maji ya mvua yakishuka mlimani hukuta shimo baada ya shimo, yanatulia, yanazama taratibu, na udongo uliokuwa ukimbie hadi mtoni unabaki shambani. Wazee husimulia kwamba Wamatengo walisukumwa kupanda milimani na vita vya Wangoni katika karne ya 19, wakalazimika kulisha watu wengi kwenye ardhi iliyosimama wima, na ngoro ndiyo iliyowawezesha. Wataalamu wa udongo kutoka nchi za mbali wamekuja kuzipima na kuziandikia, na kila anayekuja husifu akili ya wakulima wa huku. Mimi ninayezichimba napenda kuongeza jambo moja. Kufyeka nyasi na kuzipanga huchukua siku chache. Kuchimba huchukua wiki nyingi, na kuchimba ni kazi ya wanawake. Ukisimama barabarani ukaona mlima mzima uliotobolewa, elewa kwamba karibu kila shimo unaloliona lilichimbwa na mama aliyeinama, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni, na aghalabu akiwa hajala kitu tangu alfajiri.

Mtoto wetu wa tatu alizaliwa Februari 2012. Sheria inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, nami nilizipata zote, lakini msimu wa kupanda maharage ukiachwa ukapita, umepita. Wiki ya nne nikachukua jembe. Mama mkwe alinipokonya mlangoni, akasema hakuna mkamwana wa nyumba yake atakayechimba kabla ya arobaini, na akaenda yeye, akiwa na zaidi ya miaka 60, akachimba sehemu yake na sehemu yangu. Jioni nilimkanda mgongo kwa maji ya moto. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mwaka ule mwanamke yule alilima mashamba mawili.

Darasani ngoro zimenisaidia kuliko kitabu chochote cha kiada. Dirisha la darasa la nne linatazama mteremko wa ng'ambo, na mwaka mmoja nilikuwa na mvulana aliyeshindwa kabisa kukariri jedwali la kuzidisha. Kila nilipomsimamisha aliangalia sakafu. Siku moja nikamwita dirishani, nikamwonyesha shamba la kwao, nikamwuliza lina ngoro ngapi. Hakuhesabu kwa kidole. Alitazama mara moja akasema, "Sitini na tatu, Mwalimu." Nikamwuliza amejuaje. Akasema safu ni saba na kila safu ina tisa, na kwamba amekuwa akizihesabu kila siku kwa sababu mama yake huchimba kumi na tano kwa siku, hivyo ngoro zile zitamchukua siku nne na ngoro tatu za asubuhi ya siku ya tano, na baada ya hapo mama atapumzika. Mtoto yule alikuwa anajua kuzidisha, anajua kugawanya na anajua baki. Tangu siku hiyo somo la kuzidisha naanzia dirishani, na somo la eneo tunashuka nalo shambani na kamba yenye mafundo ya kila nusu mita.

Mwaka 2016, elimumsingi bila ada ilipoanza kutekelezwa na michango ya lazima ikaondolewa, tuliandikisha darasa la kwanza watoto 138 mahali tulipozoea kuandikisha 70 au 80. Wazazi ambao walikuwa wameficha watoto kwa kukosa fedha za michango waliwaleta wote kwa pamoja, wengine wakiwa na miaka 9 na 10. Nilifurahi kwa moyo wote, na nilichoka kwa mwili wote. Tuliwagawa makundi mawili, la asubuhi na la mchana, mwalimu yule yule. Mtaala wa KKK ulitaka kila mtoto asome, aandike na ahesabu, na kila mtoto asikilizwe mmoja mmoja; nami nilikuwa narudi nyumbani saa kumi jioni, nabadili viatu kwa malapa, naingia kwenye mibuni hadi giza. Madaftari niliyasahihisha usiku kwa taa ya sola, watoto wangu wamelala kwenye mkeka pembeni. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nayasema kwa sababu mwanamke wa kijijini akisifiwa kuwa "anajituma", mara nyingi hakuna anayeuliza anajituma kwa saa ngapi.

Watu wa mjini huniuliza kwa nini mwalimu mwenye mshahara ahangaike na jembe. Jibu liko kwenye namna fedha zinavyoingia. Kahawa hulipa kwa msimu: malipo ya kwanza unapoipeleka kwenye chama cha ushirika, na mengine baadaye mnada ukishafanyika, ikiwa bei imekuwa nzuri. Mbolea, dawa ya magonjwa ya mibuni kama chulebuni na kutu ya majani, na posho ya vibarua wa kuchuma haziwezi kusubiri mnada. Mshahara wangu ndio uliokuja kila mwezi, mdogo lakini wa hakika, na kwa miaka karibu 20 sasa mbolea ya kupandia na ya kukuzia katika shamba letu imenunuliwa kwa mshahara wa ualimu. Mabati ya nyumba yalitokana na mkopo wa benki niliouchukua mimi na kukatwa kwangu kwa miaka mitatu. Mashine ya mkono ya kumenyea kahawa ilitoka kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambacho wanachama wake wote ni wanawake. Kwa upande wa pili, shamba ndilo lililonilisha nilipokaa miaka mingi kwenye daraja lile lile la mshahara kwa sababu majalada yangu yalipotea katika ofisi fulani, na kila nilipokwenda kufuatilia niliambiwa nirudi mwezi ujao. Debe la mahindi halikuwahi kuniambia nirudi mwezi ujao. Kwa hiyo shule na shamba katika maisha yangu ni kama miguu miwili: nikinyanyua mmoja, nimesimama kwa mwingine.

Mguu mmoja ukiteleza, hata hivyo, wote huanguka, na hilo nililijua Septemba 2013. Niliteuliwa kusimamia mtihani wa darasa la saba katika shule ya kata nyingine. Mume wangu alikuwa amekwenda msibani upande wa Mbamba Bay, ziwani. Jumanne jioni nilimenya kahawa, madebe sita ya matunda mekundu yaliyochumwa vizuri, nikaiweka kwenye mapipa ichachuke. Kwa baridi yetu ya milimani kahawa huhitaji siku moja na nusu, wakati mwingine mbili, kabla ya kuoshwa; unajua imefika unapochota kiganjani na kuisugua, ute wote umeachia, na punje zinalia kama changarawe. Nilimkataza mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 6, asiiguse mpaka nirudi, maana niliogopa angeimwaga. Nilitegemea kurudi Alhamisi jioni baada ya mtihani kuisha. Mvua isiyo ya msimu ikakata daraja la miti, gari la mtihani likazunguka njia ya mbali, nikafika nyumbani Ijumaa usiku.

Niliisikia harufu kabla sijafika mlangoni, harufu kali kama ya siki. Mama mkwe alikuwa ameniwahi, ingawa naye alikuwa amelala kwa homa siku zile na aliamka jioni ile tu. Alikuwa amekaa juu ya kinu, taa ya chemli miguuni, mkono wake wa kulia umezama ndani ya pipa hadi kwenye kiwiko. Alichota, akasugua, akanusa, akanyoosha kiganja kuelekea kwangu bila kusema neno. Punje zilikuwa zimebadilika rangi, zina weusi kwenye mpasuo. Kisha akasema, "Imekwenda, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza aniite hivyo badala ya Mwalimu. Tuliiosha usiku ule ule, tukaianika kwenye kichanja asubuhi, ikauzwa kwa bei ya kahawa duni, na fedha nilizokuwa nimezihesabu kwa ajili ya sare za watoto hazikupatikana. Mume wangu aliporudi hakunilaumu. Aliyenilaumu ni mimi mwenyewe, kwa miezi mingi, mpaka nilipotambua kwamba siku zile tatu nilikuwa mahali nilipotakiwa kuwa. Kulikuwa na kazi mbili na mtu mmoja.

Kahawa ile, kama ilivyokuwa kahawa yote ya nyumbani kwetu, iliandikwa kwenye kitabu cha chama kwa jina la mume wangu. Sikuwahi kuhoji. Kahawa huku imekuwa zao la wanaume tangu zama za Mwingereza, kama vile maharage yalivyokuwa zao la wanawake, na mtu akiolewa anaikuta desturi kama anavyoukuta mlima. Kilichonifanya nifikirie upya ni mwanamke mwenzangu wa kikundi, jirani, aliyefiwa na mumewe mwaka 2017. Alikuwa amepanda na kupogolea mibuni ile kwa miaka 19. Baada ya matanga, ndugu wa marehemu walimwambia kwamba nyumba abaki nayo kwa ajili ya watoto, lakini kahawa ni ya ukoo, kwa maana kitabu kinasema hivyo. Nilikwenda naye kwa mtendaji wa kijiji na baadaye baraza la kata. Katika safari zile nilianza kusoma sheria kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mimi niliyefundisha Uraia kwa miaka zaidi ya kumi.

Nilikuta kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema wazi kuwa mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawasawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Nilikuta kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama, inapogawa mali ya wanandoa wanaoachana, iangalie mchango wa kila mmoja, na kwamba mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka ule nilikuwa mtoto mdogo Masasi. Sheria ilikuwa imeandikwa, ikatafsiriwa na majaji, ikakaa vitabuni, na mama yangu mkwe akaendelea kuchimba miaka yote hiyo bila mtu kumwambia. Jambo hili huniumiza kama mwalimu kuliko kama mke, maana kazi ya mwalimu ni kupeleka kilichoandikwa kwa wale ambao hawajakisoma.

Kwa hiyo kijiji chetu kilipofanyiwa mpango wa matumizi ya ardhi na wapimaji wakaja na vifaa vyao vya mkononi kupima mashamba kwa ajili ya hatimiliki za kimila, nilizungumza na mume wangu usiku, watoto wakiwa wamelala. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja nyingi. Nilimweleza kuhusu mbolea, mkopo wa mabati, mashine, na ngoro ambazo kwa hesabu yangu zilikuwa zimepita elfu tatu tangu nije. Alikaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza kama jina la mama yake nalo linaweza kuingia, kwa sababu shamba la juu lilikuwa la jembe lake kabla halijawa letu. Sikuwa nimelifikiria hilo, na nakiri kwamba machozi yalinitoka. Tulikwenda kwenye mipaka siku ya kupimwa sote watatu, majirani wakashuhudia, na hati zilipotoka mwaka 2019 zikiwa na saini za mwenyekiti na mtendaji, shamba la juu liliandikwa jina la mama mkwe na la chini majina yetu mawili. Mama mkwe hakusoma shule. Nilimshika kidole nikakipitisha juu ya herufi za jina lake, moja baada ya nyingine, kama ninavyofanya Januari na watoto wa darasa la kwanza. Alifariki miaka mitatu baadaye, na hati yake tuliihifadhi kwenye sanduku lile la bati nililokuja nalo kutoka Masasi.

Nimekuwa nikiwaeleza wanawake wa kikundi mambo haya kila Alhamisi tunapokutana kuweka hisa, na baadhi ya wanaume wameona kwamba nawafundisha wake zao ugomvi. Nawaheshimu, na nawajibu kama nilivyomjibu shemeji yangu mmoja: jina la mke kwenye hati halimwondoi mume, ila linamzuia mjomba asiyejua hata mpaka uko wapi. Mwanamume mwenye kulitakia mema kaburi lake atataka watoto wake wabaki kwenye mibuni aliyoipanda.

Msimu uliopita nilijiunga na chama cha msingi kwa jina langu, nikalipa kiingilio na hisa, na tukakubaliana nyumbani kwamba mibuni 400 ya upande wa kijito itapimwa kwenye kitabu changu. Karani wa mizani, ambaye nilimfundisha kusoma, aliandika kilo 57 za kwanza na kunipa stakabadhi kwa mikono miwili.

Lakini chama hupima kahawa tu. Ngoro hakuna anayezipima. Ndiyo maana tangu Januari mwaka huu tumeanzisha daftari la shamba hapa nyumbani, daftari la kawaida la kurasa 96, na binti yangu wa darasa la saba ndiye karani wake. Tumelipiga mistari kama daftari la mahudhurio: tarehe, kazi, nani, saa ngapi. Kaka yake akifyeka, anaandikwa. Baba akipogolea, anaandikwa. Anayechota maji ya kuoshea, anayepika chakula cha vibarua, anayebeba mtoto wa jirani ili mama yake apalilie, wote wanaandikwa. Wiki za kwanza mume wangu alisahau kutaja kazi zake mwenyewe. Sasa ndiye anayeuliza kila usiku kama daftari limefungwa. Mwishoni mwa Februari binti alijumlisha saa za kila mmoja, akayasoma majumlisho kwa sauti baada ya chakula, na hakuna aliyezungumza kwa muda. Kesho yake kijana wetu mkubwa, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, alichukua jembe bila kuambiwa na kuchimba ngoro tano karibu na njia, mahali ambapo kila mpita njia aliweza kumwona.

Jana nililala mapema kwa uchovu, sikumwona binti akiandika. Nimelifungua sasa hivi, kabla ya kurudi kwenye madaftari 31 yaliyobaki, na nimekuta mstari wa mwisho kwa mwandiko wake wa kulala kidogo upande wa kulia: Jumamosi, Machi 14. Ngoro 18. Mama. Saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Na chini yake, kwa kuwa hakuona sababu ya kuliacha: Kusahihisha Hisabati. Mama. Saa 1 hadi saa 3 usiku.